Kuiambia Nafsi Kweli

Kati ya uongo wote usemwao duniani, hakuna uliofichika kama ule ambao mtu huiambia nafsi yake. Uongo aambiwao jirani una masikio ya kuushuku. Aambiwao hakimu una mashahidi wa kuupinga. Uliosemwa nyumbani una macho ya nyumba nzima ya kuuchungulia. Lakini mtu ajidanganyapo, mdanganyifu na mdanganywa hukaa ndani ya ngozi moja, hula sahani moja, hulala kitanda kimoja, na asubuhi huamka wamekwisha kupatana. Lugha yetu imelieleza jambo hili kwa silabi moja. Twasema *kudanganya*, kisha twatia *-ji-*, na papo hapo mtenda na mtendwa wamekuwa mtu mmoja. Silabi hiyo nimeifundisha ubaoni kwa miaka mingi. Uzito wake niliuona nyumbani kwetu, katika muda wa miezi mingi ambayo kaka yangu mkubwa alikuwa akijitoa katika uraibu wa dawa za kutuliza maumivu. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na kwamba nisimfanye bora kuliko alivyo.

Uraibu huu una tabia moja iliyo ngeni kwa mwingine. Mlevi wa pombe akitaka kujitetea hana budi kutafuta sababu: leo pana harusi, jana palikuwa na msiba, kesho ni sikukuu. Aliyezoea dawa ya maumivu hahitaji kutafuta. Anayo sababu, nayo ni ya kweli. Mgongo unamuuma. Picha za hospitali zaonyesha mfupa uliovunjika. Kovu la kisu cha mpasuaji li wazi kwa kila aonaye. Na dawa yenyewe aliandikiwa na daktari kwa kalamu halali. Basi uongo wake haukusimama juu ya uongo mwingine. Umesimama juu ya kweli, na kwa hiyo ni mgumu kuubomoa. Ukimwambia kwamba hana maumivu, wewe ndiwe mwongo. Ukimwambia kwamba anayo, umempa kidonge mkononi.

Maneno yetu wenyewe yatutatiza hapa. Neno *dawa* kwetu ni neno la rehema. Twaliita jambo lolote liondoalo shida dawa, hata subira, hata fimbo. Tulipohitaji jina la vitu viletavyo ulevi tulilichukua neno hilohilo tukaliongeza mkia: dawa za kulevya. Lakini kidonge hakiji na mkia huo. Kile kilichomtuliza mgonjwa mwezi wa kwanza na kile kinachomfunga mwezi wa kumi ni kimoja, kina rangi ile ile, na chauzwa katika duka lile lile la dawa. Tunalo pia neno la kale *kasumba*. Asili yake ni afyuni, utomvu wa mpopi. Leo wengi wa vijana hulitumia kwa maana ya fikira iliyomganda mtu kichwani hata asiweze kuitazama upya. Sijui mwanachuoni gani angeweza kuunganisha mambo mawili haya kwa ustadi kuliko walivyounganisha watu wa kawaida katika mazungumzo yao. Afyuni huanza mwilini, lakini hukaa katika fikira.

Wala isidhaniwe kwamba kujidanganya huku ni aibu ya wasiosoma. Mwanzoni mwa karne ya 19, Friedrich Sertürner, kijana mtengeneza dawa wa Ujerumani, aliitenga nguvu ya afyuni akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kuwa dawa ya kikohozi, na ilisifiwa kuwa haina hatari ya mazoea kama mofini. Mwaka 1996 kidonge kingine chenye nguvu kililetwa sokoni Marekani, na madaktari wakaambiwa kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kwamba kidonge hicho kilitangazwa kwa udanganyifu. Mwaka 2021 pekee, watu zaidi ya 100,000 walikufa katika nchi hiyo kwa kuzidisha dawa za namna mbalimbali, na wengi wao kwa dawa za jamii ya afyuni. Sentensi moja, "hii haileti mazoea", imesemwa na wenye shahada, wenye viwanda na wenye mizani. Kama hao waliiamini, au walijifanya kuiamini, ni ajabu gani fundi mwashi akiiamini saa nane za usiku, peke yake, mgongo ukimwaka moto?

Kaka yangu ni fundi mwashi. Alianguka kutoka jukwaani akavunja pingili ya mgongo, akapasuliwa, akapewa tramadoli. Dawa hiyo ilitengenezwa Ujerumani na kuanza kuuzwa huko mwaka 1977, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa mpole kati ya ndugu zake. Ilimfaa. Aliweza kulala, kuketi, kwenda msikitini kwa miguu yake. Haya lazima yasemwe, maana asiyeyasema atakuwa ameanza habari ya ukweli kwa kuficha nusu yake. Walakini miezi ilipita, mfupa ukaunga, na vidonge badala ya kupungua viliongezeka.

Kwa nini viongezeke? Hapa yafaa tuwasikilize wataalamu wa mwili. Mwaka 1973 wachunguzi, miongoni mwao Candace Pert na Solomon Snyder wa Baltimore, walithibitisha kwamba katika ubongo kuna vipokeo maalumu ambavyo dawa za jamii ya afyuni huvishika kama ufunguo ushikavyo kufuli. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen, waliutambulisha ufunguo wa asili: mwili wenyewe hutengeneza vitulizo vyake. Sasa mwili ukiletewa vitulizo kutoka nje kila siku, hujirekebisha. Vipokeo hupungukiwa na usikivu, na kidonge kimoja kilichotosha jana leo hakitoshi. Dawa ikikatika, mambo yote iliyokuwa ikiyazuia huinuka pamoja: miayo, kamasi, jasho, vipele vya baridi, tumbo la kuendesha, usingizi kukimbia, mifupa kuuma. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Na kuna jambo la tatu, ambalo ni la ajabu zaidi: kwa baadhi ya watu, dawa hizi zikitumiwa kwa muda mrefu huuzidisha mwili wepesi wa kuhisi maumivu. Kilicholetwa kuzima moto kimegeuka kuni.

Msomaji ataona mara moja mtego ulipo. Mtu anayehisi maumivu hadanganyi asemapo kwamba anaumwa. Lakini habari ya kwamba anaumwa kwa sababu gani si habari ambayo maumivu yenyewe yaweza kuitoa. Jeraha huuma. Kukosa dawa huuma. Dawa yenyewe yaweza kuuma. Yote matatu huja yakitumia sauti moja, na yote hudai kidonge kile kile. Shahidi huyu ni mkweli katika neno moja na hana alijualo katika mengine, na mraibu humwita barazani kuthibitisha kila kitu.

Aliyenionyesha njia ya kumhoji shahidi huyu hakuwa mwanachuoni. Alikuwa kaka yangu mwenyewe, kwa kanuni ya kazi yake. Aliniambia hivi: "Mdogo wangu, ukuta ukiutazama kwa jicho utaapa kwamba umesimama wima. Kadiri uuvyoupenda ndivyo uuonavyo umenyooka. Fundi hauamini ukuta wake, hutundika timazi." Timazi ni kipande cha chuma mwishoni mwa kamba, hakina elimu, hakina huruma, hakina chuki. Huning'inia tu, na ukuta huonekana ulivyo. Alinunua daftari la shule akaligawa safu tatu: saa ngapi, wapi panauma, na nini kilitokea kabla. Sharti lilikuwa moja, kwamba aandike kwanza ndipo ameze. Hakujikataza kumeza. Alijikataza kumeza bila kuandika.

Baada ya wiki tano alinipa daftari lile nilisome, akisema kwamba kusoma maandishi ya watu ndiyo kazi yangu. Nililisoma kama nisomavyo matini nyingine yoyote, nikitazama neno linarudi wapi na linafuatana na nini. Neno lilikuwa moja kila ukurasa, *maumivu*, lakini wenye jina hilo walikuwa watatu. Wa kwanza alikuja baada ya kuinama au kuinua ndoo, alikaa upande wa kushoto chini ya mgongo, na alitulia mtu akilala chali. Wa pili alikuwa kila mahali na hakuwa mahali popote. Alikuja pamoja na miayo na jasho, kwa saa zile zile, siku ya kazi na siku ya mapumziko, na kulala hakukumpunguza. Wa tatu alikuja baada ya mkandarasi kukataa kumpa kazi, baada ya ugomvi wa ada ya shule, na jioni moja baada ya kuwaona vijana aliowafundisha wakipandisha ghorofa ambalo zamani angelijenga yeye. Huyo wa tatu hakuwa wa mgongo hata kidogo. Alikuwa huzuni ya fundi asiye na jukwaa.

Sikumwambia hayo. Nilipiga mistari ya rangi tatu nikamrudishia. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi nimekuwa nikiwapa watu watatu chakula cha mmoja." Tangu siku ile alipokwenda kwa daktari hakusema tena "naumwa", alisema ni yupi kati ya watatu aliyekuja. Naamini kwamba hii ndiyo sehemu kubwa ya kuiambia nafsi kweli: kuyapa mambo mbalimbali majina mbalimbali, na kukataa kulificha moja chini ya kivuli cha jingine.

Lakini palikuwa na neno lililomshinda kulitamka kuliko yote, nalo lilikuwa tarakimu. Daktari alikuwa akiambiwa vidonge vinne, au vitano siku ya taabu. Hesabu ya daftari ilikuwa 12, kila kimoja cha miligramu 50. Kiwango ambacho mtu mzima kwa kawaida hapaswi kukivuka kwa siku ni miligramu 400, na ukikivuka hatari ya kupatwa na degedege huongezeka. Mtu aweza kuungama kwa maneno mengi ya majuto na bado akadanganya, kwa sababu maneno hupindika. "Nimezidisha kidogo" ni maneno. "12" haipindiki. Aliitamka, na kwa mujibu wake daktari aliweza kupanga kupunguza hatua kwa hatua kwa miezi, si kukata ghafula. Angalipanga kwa hesabu ya vinne, angempangia safari mtu mwingine asiyekuwapo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba anayefichua nusu ya maradhi hutibiwa nusu.

Katika safari hiyo nimejifunza kwamba uongo wa nafsi si mmoja. Wa kwanza ni huo nilioueleza: "ni maumivu tu." Wa pili huja baadaye, nao huvaa nguo za sherehe: "nimepona." Huu ni hatari kuliko wa kwanza. Mwili uliokaa bila dawa kwa majuma husahau ustahimilivu wake wa zamani. Basi mtu akirudia siku moja kipimo alichokizoea, kipimo hicho chaweza kumzuia pumzi na kumwua. Wengi wamekufa hivyo, muda mfupi baada ya kutoka gerezani au katika nyumba za matibabu, wakiwa wamepongezwa na jamaa zao wote. Uongo wa tatu ni kinyume cha wa pili: "mimi nimekwisha haribika." Huu hudhaniwa kuwa unyenyekevu, na watu huusifu kwamba sasa mtu huyu amejitambua. La. Ukiusikiliza vema utaona kwamba nao waomba kidonge. Maana aliyekwisha haribika hana cha kuharibu tena. Kujilaani si ukweli. Ukweli ni mdogo kuliko majivuno na ni mdogo kuliko laana. Waweza kuenea katika safu tatu za daftari.

Wapo wasemao kwamba hata tiba zenyewe ni kujidanganya. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011 kwa watu waliotaka kuacha heroini, walisikika watu wakisema kwamba huko ni kubadilisha pombe kwa mvinyo. Mimi naona kipimo kiwe kile kile cha timazi. Mtu anayekunywa kipimo kinachojulikana, mbele ya muuguzi, kwa saa inayojulikana, ili afanye kazi na kulea watoto, hana alichokificha. Na mtu asiyekunywa kitu chochote huku akiiambia nafsi yake kwamba hajaribiwi kamwe, huyo ndiye anayecheza na moto. Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza aliyefungwa na afyuni kwa miaka mingi, aliingia mwaka 1816 katika nyumba ya daktari James Gillman huko Highgate, London, ili asimamiwe, akakaa humo hata alipofariki mwaka 1834. Hakuiacha kabisa. Lakini aliishi miaka 18 kwa kipimo kilichopunguzwa, chini ya macho ya mtu mwingine.

Na macho ya mtu mwingine ni jambo la lazima. Jicho halijioni. Wazee wetu wa pwani waliozaliwa katika elimu ya dini walilijua neno *muhasaba*, yaani kuifanyia nafsi hesabu. Na al-Harith, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 857, aliitwa al-Muhasibi kwa sababu ya kushika hesabu hiyo. Al-Ghazali baada yake alimfananisha mtu na mfanyabiashara aliyempa mshirika wake mali: hana budi kuwekeana naye masharti, kumchunga, kisha kukaa naye na kudai hesabu ya faida na hasara. Chama cha waraibu wanaosaidiana kilichoanzishwa California mwaka 1953, Narcotics Anonymous, nacho huwataka watu wake waandike hesabu ya nafsi zao bila woga, kisha waisome mbele ya mtu mwingine. Watu wa zama mbalimbali na imani mbalimbali wamefikia kanuni moja, kwamba hesabu isiyokaguliwa na wa pili si hesabu.

Lakini mkaguzi naye ana wajibu. Usiku mmoja, mwezi wa saba wa kupunguza, kaka yangu aliandika maneno haya: "Saa 4. Nimemeza 2 zaidi. Mgongo hauumi." Nimesoma kazi nyingi katika ualimu wangu, nami sikumbuki sentensi iliyomgharimu mwandishi wake kuliko hiyo ya mwisho. Angaliweza kuandika kwamba mgongo uliuma. Hakuna mtu duniani ambaye angempinga. Shemeji yangu alikuwa amekwisha sema wazi kwamba akidanganywa mara nyingine atarudi kwao. Asubuhi kaka alimwekea daftari mezani, likiwa wazi pale pale. Shemeji alisoma, akanyamaza kitambo, akasema, "La leo nimelisikia kwako kwanza." Kisha akaenda kutia maji ya chai. Hakumsamehe kwa maneno wala hakumlaumu kwa maneno. Alikaa. Kama angaliondoka kwa sababu ya kosa lile lililoandikwa, baada ya kukaa miaka miwili pamoja na makosa yasiyoandikwa, daftari lingalijifunza kunyamaza. Ukweli ukiadhibiwa kuliko uongo, nyumba itapata uongo.

Atakaye mwisho mwema nitamsikitisha. Mgongo wa kaka yangu unauma hata leo, hasa zamani za baridi, naye hutumia vidonge vya kawaida, maji ya moto na mazoezi aliyofundishwa. Tramadoli hameze tena. Akiulizwa kama amepona hujibu kwamba ukuta haujesha. Hajengi ghorofa, huwafundisha vijana kupanga matofali, akiwa ameketi juu ya kigoda, na timazi i karibu naye. Mwenye jina wa tatu, ile huzuni, huja bado. Sasa humwita kwa jina lake, na akimwita hivyo huona kwamba hatafuti kidonge. Hutafuta mtu wa kuongea naye.

Basi kwako wewe msomaji unayeumwa, au unayemuuguza aumwaye, neno langu ni fupi. Usiyadharau maumivu, ni ya kweli. Usiyafanye hakimu, ni shahidi tu, na shahidi huulizwa maswali. Andika kabla hujameza. Mwambie daktari tarakimu, si hadithi. Usikate ghafula kwa ushujaa, wala usirudie kipimo cha zamani kwa kiburi. Tafuta mtu mmoja awezaye kusikia kweli bila kupiga kelele. Na kama wewe ndiwe mtu huyo, itunze heshima hiyo, maana huenda uhai wa mwenzio umetundikwa katika kamba yake. Nafsi haipendi kuhesabiwa. Lakini iliyokwisha hesabiwa hulala usingizi mwepesi kuliko ile iliyobembelezwa, nao ni usingizi ambao haununuliwi katika duka la dawa.